Msaada wa Wajomba Watatu

Barua ya kazi ya ugani wa kilimo huko Rukwa ilinitaka nijibu kabla ya Ijumaa. Kwetu Uluguru ukoo ni wa mama, kwa hiyo wajomba watatu walipanda mlima kuja kunisaidia kuamua. Walimaliza kuku mzima ndipo wakaanza kusaidia.

"Rukwa utapotea, mjomba," alisema mkubwa wao, ambaye safari yake ndefu kuliko zote iliishia Mikese, hapo karibu tu.

"Na wakikufukuza?" aliuliza wa pili. Wa tatu alichokonoa meno na kuafiki kila kitu.

Hadi alasiri nilishaamini kwamba nilihitimu kwa bahati tu, na nikaanza kuandika barua ya kukataa.

Baba, mkulima wa karoti, alikuwa amenyamaza muda wote, kwani ukooni kwa mama hana kauli. Walipoondoka aliniita shambani.

"Kazi hiyo umeisomea?"

"Nimeisomea, baba."

"Basi nenda. Ukikwama nipigie, tutafikiri wote."

Nikaichana barua ile, nikaandika ya kukubali. Siku hizi wajomba huwasimulia watu misibani jinsi walivyonitia moyo.