Mpunga Wenye Moshi

Miaka ile ya hamsini, sisi watu wa Michenga chungu hatukukinunua kwa hela. Ulikijaza mpunga, ukaumimina ule mpunga kwenye kapu la mwenye chungu, nacho kikawa chako. Chungu kikubwa kilikula sana, kidogo kilikula kidogo. Ila mnunuzi ndiye aliyemimina, na muuzaji ndiye aliyetikisa, punje zishuke ziingie nyingine. Mama mkwe wangu alikuwa anamimina polepole kama anayemlaza mtoto, mpunga ukae juujuu. Muuzaji naye hakuthubutu kutikisa sana, maana chungu kikipata ufa kabla hakijauzwa, hasara ni yake.

Kwa kununua, mama mkwe hakuwa na mwenzake. Ifakara kwenye duka la Mhindi aliomba maji ya kunywa, kisha akalowesha pembe ya kitambaa na kuifikicha, aone kama uzito ule ni wa nyuzi au ni wanga tu. Ikafika mahali Mhindi akimwona anaficha mtungi. Lakini ya vitambaa ni marefu, tuyaache, nilikuwa kwenye chungu.

Mwaka mmoja mto ulikuwa umepanda ukatunyang'anya mavuno. Mume wangu alikwenda kufanya kazi kwenye mkonge, nyumbani tukabaki wanawake wawili, shamba halijaguswa jembe, mvua inanukia. Kwetu mtu mwenye upungufu wa mikono hupika pombe akaalika watu, wakalima asubuhi, mchana wakanywa. Mtama wa kupikia tulipewa na ndugu wa Mahenge. Chungu cha pombe ndicho kilichopasuka, na cha kuazima hakikupatikana, kila nyumba inapika wakati huohuo. Bila chungu hakuna pombe, na bila pombe tungelimiwa na nani?

Tukashika njia ya Kivukoni, kwenye soko la vyungu, na kapu la mpunga. Njiani nikaonywa nisisifie chungu chochote wala nisikitazame mara mbili. Tulichelewa makusudi, maana muuzaji akiona mtumbwi wa mwisho unamngoja, mali yake huanza kumwelemea.

Mfinyanzi alikuwa mama wa ng'ambo ya mto, mtu mzima wa makamo ya mama mkwe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuacha kupanga vyungu vyake. Mama mkwe akavigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, akisikiliza. Kikubwa kimoja kililia vizuri. Nikajua ndicho, kwa sababu ndicho alichokitukana.

"Hiki kimeinama kama mlevi, dada."

"Kitakaa na walevi," mfinyanzi akasema. "Kitazoea."

Wakavutana. Mama mkwe alitaka amimine hadi kwenye bega la chungu, mwenzake akataka hadi mdomoni kama desturi. Mama mkwe akaondoka kwa hasira yake ile ya sokoni, akageuka nyuma, akakuta hatazamwi. Akarudi. Akaanza kumimina kwa ule mkono wa kulaza mtoto, na mimi niliyeinua kapu nikaona chini yake panatokeza, mpunga unakwisha.

Mpunga ulipofika begani mfinyanzi akanyoosha mikono. Nikasema moyoni, sasa anatikisa. Hakutikisa. Alichota kiganja akanusa.

"Huu una moshi. Ulikuwa juu ya jiko?"

Mpunga wa kula hukaa ghalani. Unaotundikwa juu ya moshi, wadudu wasiuguse, ni wa mbegu. Tulikuwa tumejidanganya kwamba shamba likishalimwa tutaomba mbegu kwa majirani, na majirani wenyewe mto haukuwabakizia kitu.

"Rudisheni kapuni," mfinyanzi akasema. "Kiganja hiki ninakichukua, asije mtu akasema ninagawa vyungu bure. Siku ya kunywa mniite."

Mama mkwe alikibeba chungu mwenyewe, hakuniachia. Karibu na nyumbani akasema yule mama hajui biashara kabisa, akajipangusa uso kwa ncha ya kanga.

Watu walikuja, shamba likalimwa, tukapanda mvua za kwanza. Mfinyanzi alivuka siku ya kunywa, akapewa kata ya kwanza ya pombe, akakigonga chungu chake akacheka.

Mavuno yalipoingia nilimkuta mama mkwe uani anajaza kapu la kupeleka Kivukoni. Alimimina mpaka juu. Akalitikisa kwa nguvu, mpunga ukashuka, akamimina tena.