Chai Niliyoifunga Kama Miraa

Mama alinituma Kibugu kwa sababu ya sufuria. Ilikuwa likizo ya Aprili, mwaka wa tisini na sita, nikiwa kidato cha tatu. Kila vyombo viliporundikana, mimi nilikuwa chumbani nimepiga magoti, na Mama alisema Mungu wangu ana tabia ya kuniita wakati wa kuosha vyombo tu. Labda ni kweli. Basi akaamua niende Embu kwa dadake, Tata Karimi, nimsaidie kazi wiki moja. Tata angemwandikia Mama barua kuhusu nilivyofanya. Nisipofaa, nisahau kambi ya maombi ya vijana ya Agosti, na hiyo kambi niliitaka kuliko kitu chochote.

Jumatatu asubuhi niliondoka kwetu Muthara na umande, nikabadilisha gari Meru mjini, tena Embu. Niliahidi moyoni kwamba huko sitakaa chini hata dakika moja.

Saa tisa, Kibugu. Baridi ilinishangaza, na chai iliyokatwa sawasawa kama nywele za mwanafunzi hadi ukingo wa msitu. Tata alinipa uji. Mama mkwe wake, tuliyemwita Cucu, yaani nyanya, alikuwa kitandani, miguu ilishakataa. Alinishika mkono akauliza kama kwetu mvua imenyesha, nami nikajibu kwa kichwa tu.

Jumatano Tata alichuma chai tangu alfajiri, akayatandaza majani kivulini. Kisha akaitwa kuchota maji kwenye nyumba yenye matanga. Akaniambia kazi yangu ni moja, nikae na Cucu tuombe, mpaka arudi twende kituo cha kuuzia chai.

Nilikaa. Cucu alifumba macho akaanza kuomba polepole kwa Kiembu, akitaja watu mmoja mmoja, hata ng'ombe wa jirani aliyekuwa mgonjwa. Mimi nilifungua jicho moja nikaona majani pale nje yananyauka. Nikawaza ile barua. Nikatoka kwa kunyata. Kwetu miraa haiachwi wazi, hufungwa kwa majani ya mgomba ibaki mbichi. Kwa hivyo nilishindilia chai guniani, nikaifunika kwa majani ya mgomba yenye maji, nikakaza kamba. Nilijisikia vizuri sana. Nikafagia uwanja pia, nikapasua kuni.

Tata aliporudi tukaondoka na gunia likiwa limefungwa hivyo hivyo. Kituoni, karani aliingiza mkono guniani akautoa haraka.

“Mama, hii umeshaipika,” akamwambia Tata. “Ungeleta na vikombe.”

Watu kwenye foleni wakacheka. Majani yalikuwa ya moto na mekundu. Kumbe chai inataka hewa. Tata alilibeba gunia mpaka nyumbani, akalimwaga chini ya migomba.

Niliingia kwa Cucu kuficha uso.

“Kairitu, ulienda wapi?” aliuliza, akiniita msichana kwa Kiembu. “Nilisema Amina peke yangu.”

Hapo ndipo nililia. Kwetu nilikosea kwa kuomba, hapa nimekosea kwa kufanya kazi. Nilimwendea Tata jikoni alikokuwa akimenya viazi, nikamuuliza Mungu anataka nini hasa.

“Hayo sijui,” alisema. “Kila siku mimi ndiye hukaa na Cucu. Leo nafasi hiyo nilikupatia wewe.”

Sikuelewa vizuri. Siku zilizobaki nilikaa na Cucu hadi Amina, ingawa siku nyingine mawazo yangu yalikuwa kwa vyombo.

Jumatatu iliyofuata, Muthara. Mama alisoma barua amesimama. Tata alikuwa ameandika kwamba bidii yangu iliharibu gunia zima, kwamba sina ubaya, na kwamba Cucu anauliza kama nitarudi Agosti.

“Kambi sikukatazi tena,” Mama alisema. “Lakini Agosti ni moja. Uchague, kambi au Kibugu.”

Nilichojifunza ni kidogo. Nilikuwa nikitafuta mahali pa kuombea, na mahali pa kuonekana nafanya kazi, na Cucu hakutaka lolote kati ya hayo. Alitaka mtu wa kusema naye Amina.

Nilimwambia Mama nitaenda Kibugu. Kisha nikachukua sufuria nikaisugua, na hadi ninapoandika sijui kama nilichagua vizuri.