Mjukuu wangu alitolewa kwenye listi ya timu huko Australia, na pilau ya dua iko motoni

Salamu kwenu wakuu wa jukwaa hili. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo marahaba.

Nimo humu siku nyingi, nnasoma za wenzangu tu, sijawahi kufungua uzi. Huu nnauandika mwenyewe kwa kidole kimoja, na miwani yangu mkono mmoja nimeufunga kwa kamba. Skuli niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta maneno yamepandiana nisameheni. Ila nnayoyasema ni kweli tupu. Nimeyaona kwa macho yangu, isipokuwa yale ya Australia, hayo nimeyaona kwenye simu.

Mimi ni mtu wa Malindi, hapa Mji Mkongwe. Binti yangu Rahma aliolewa akaenda na mumewe Melbourne, na kijana wao kazaliwa huko. Jina lake Suleiman, sisi tunamwita Sele.

Sele anacheza mpira. Si huu wetu.

Hapa nisimame kidogo, maana nisipoeleza hamtanifahamu.

Mpira wao una umbo la papai. Wanaushika kwa mikono, wanaupiga kwa mguu, na akitaka kumpa mwenzake kwa mkono lazima aupige ngumi, kurusha hairuhusiwi. Wako kumi na wanane kila upande. Kiwanja ni cha mviringo, kile kile cha kriketi. Hilo la kriketi kaniambia Bharat, Mhindi wetu wa duka la spea, ambaye kwake yeye mchezo wowote usiokuwa kriketi ni watu kukimbizana tu.

Goli lao ni nguzo nne zimesimama, mwamba wa juu hamna. Ukipitisha kati kati unapata sita. Ukipitisha pembeni unapata moja. Yaani hata ukikosa kidogo, wanakupa kidogo. Mimi hilo nalipenda sana.

Siku ya kwanza nilimwonyesha Makame kwenye simu. Makame ni Mtumbatu, rafiki yangu wa barazani tangu tuna nywele. Alitazama, akatazama, halafu akanambia, "Hilo si goli. Hicho ni choo kimekosa makuti."

Basi tuendelee.

Huko vijana wanachaguliwa na klabu kwa zamu, klabu hii inataja jina, na ile inataja. Wewe huchagui pa kwenda. Sele alitajwa na klabu ya Perth, mbali na mama yake kama mbali na sisi. Akapewa mkataba wa miaka miwili.

Mwaka wa mwanzo akaumia msuli wa nyuma ya paja. Akapona, akaumia tena pale pale. Mwaka wa pili kocha akamtoa mbele, alikozoea kufunga, akamrudisha nyuma kuzuia. Kijana wa kufunga kumwambia azuie ni kama kumwambia muuza urojo auze nguo. Lakini alijifunza. Timu ya pili alicheza vizuri, timu kubwa alionja mara chache.

Sasa, mwisho wa msimu kila klabu inapunguza listi. Lazima wengine watoke ili wapya waingie. Walimwita kila mmoja wakazungumza naye, yeye wakamwambia bado wanafikiria, watampigia.

Kwa hiyo akaja Unguja na mama yake, kungojea simu.

Wakuu, mtu anayengojea simu hapumziki. Asubuhi anakwenda kiwanja cha Mnazi Mmoja anapiga lile papai lake, watoto wanamfuata, maana likidunda hujui litakwenda wapi. Siku moja lilidunda uchochoroni kwetu likaingia kwenye beseni la Bi Zuhura la maandazi. Bi Zuhura akalikamata, akaligeuza geuza, akauliza mpira huu nani aliukalia. Sele akacheka siku ile. Lakini mkono mmoja muda wote uko mfukoni, uko kwenye simu.

Jioni moja barazani nikamhadithia timu yetu ya mtaa, zamani.

Mimi sikuwa mchezaji. Nilikuwa nikitunza jezi. Timu yetu haikuwa na listi ya kubandika ukutani. Siku ya mechi wachezaji wanakaa barazani kwa kocha, ambaye kazi yake ilikuwa kuoka mikate, Mungu amrehemu. Yeye ndani ananitajia majina kwa mdomo, mimi natoka na kapu la jezi. Napita nawarushia. Uliyerushiwa unacheza. Kapu likisha na mikono yako mitupu, ndiyo hivyo, hakuna wa kumuuliza.

Halafu tunakula wali wa pamoja. Na kanuni ya kocha ilikuwa moja: aliyekosa jezi ndiye anayepakua. Anashika upawa, anawapakulia wote, mmoja mmoja, mpaka yule aliyechukua nafasi yake. Hakuna kuondoka, hakuna tumbo linauma.

Sele akanitazama. "Babu, hiyo si adhabu? Mtu kakosa, halafu munamfanya mtumishi."

Nikamwambia sijui. Na kweli sikujua, hata leo sijui sana. Kocha alikuwa akisema ukimwacha mtu akajifiche na uchungu wake, kesho anakurudia mtu mwengine. Lakini nakumbuka winga wetu mmoja, Haji, aliuweka upawa chini taratibu, akavaa makubazi yake, akaenda zake. Hakurudi tena. Alikuwa winga mzuri yule.

Makame akadakia, "Adhabu ilikuwa yetu sisi tuliopata jezi. Unapakuliwa na mtu ana hasira. Mimi sikumbuki kula nyama, nakumbuka ukoko."

Sele akasema, "Mimi ningefanya kama Haji." Hakucheka.

Sasa hapa ndipo mimi nilipoingiza domo langu.

Barazani watu walikuwa wakiniuliza kila siku, vipi mjukuu wako, kesha andikwa? Na mimi nikawa najibu kama vile listi naishika mimi. Nikasema mwakani mtamwona kwenye televisheni. Wakasema basi tumfanyie dua, Ijumaa, baada ya sala. Nikasema pilau juu yangu.

Rahma akanambia, "Baba, ngoja kwanza wapige."

Nikamwambia dua inatangulia jambo, haifuati. Kwa maneno, mwanangu hanishindi. Kwa akili ndiyo ananishinda.

Ijumaa asubuhi uani kwetu mchele ushaoshwa, nyama ishaiva, majirani wa kike wamejaa, Bi Zuhura ndiye amiri jeshi wa sufuria. Simu ya Sele ikalia.

Akasimama pembeni ya kisima. Akazungumza Kiingereza, polepole, na mimi namtazama usoni nimtoe kitu. Uso haukusema. Lakini nikamsikia anashukuru. Thenkyu. Thenkyu veri mach. Akashukuru mara nyingi, na mwisho akashukuru tena.

Nyinyi mngefahamu nini? Kwetu mtu akishukuru hivyo kapewa.

Nikainua mikono, "Alhamdulillahi! Kapata!"

Bi Zuhura akapiga kigelegele. Wakampokea wote. Kigelegele kikatoka uani, kikashika uchochoro, kikapokewa na nyumba ya pili, na ya tatu, mpaka leo hapa Malindi hatujui kiliishia wapi.

Sele akashusha simu. Akanambia kwa sauti ndogo, nilisikia mimi na Rahma tu.

"Babu. Wamenitoa."

Kumbe alikuwa akiwashukuru kwa miaka miwili. Wenyewe huko ndiyo adabu yao, unaambiwa toka na unasema ahsante.

Akapanda juu akafunga mlango.

Rahma hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alinieleza tu yale waliyosema: jina linatoka kwenye listi kubwa. Klabu nyengine zina ruhusa kumchukua. Zikimpita zote, basi wao huenda wakamrudisha kwenye listi ndogo, ile ya wanaojifunza, kwa mwaka mmoja. Huenda. Hawakuahidi.

Nikarudi kwa kina Bi Zuhura nikawaambia. Bi Zuhura akapunguza kuni chini ya sufuria. Lakini barazani habari ya kigelegele ilikuwa ishafika. Nilipotoka kwenda msikitini watu wananishika mkono, hongera mzee, hongera. Bharat kafunga duka kaja na boksi la soda. Na mimi, wakuu, nikaitikia. Sikuwa na mdomo wa kumwambia mmoja halafu niwaambie wote.

Sele alikuwa safu ya nyuma. Baada ya sala alitangulia kurudi, akapanda tena juu.

Nyumbani ukumbi ulijaa. Maalim keshakaa, udi unafuka. Mimi nikawaza namna ya kusimama niseme. Kumwita Sele ashuke siwezi, nimwambie nini? Habari ya upawa sikuitaja. Nilimkumbuka Haji na makubazi yake, nikasema nisimfukuze mjukuu wangu kwenye nyumba yangu.

Pazia la uani likafunguka.

Sele kasimama, kanzu kaipandisha kaifunga kiunoni, sufuria kalikokota mwenyewe mpaka kizingitini. Upawa mkononi.

Akasema, "Assalaam alaykum. Babu kakosea, mimi sikupata. Jina langu limetolewa leo asubuhi. Na kwenye timu ya babu, aliyekosa jezi ndiye anayepakua. Kwa hiyo leteni masinia."

Hakuna aliyenyanyuka. Mtu unatazama sinia, unamtazama yeye, unatazama sinia.

Makame ndiye aliyejikongoja. Akainua sinia lake kwa mikono miwili, akamwambia, "Haya, lakini ukoko sitaki."

Sele akainama mpaka chini ya sufuria, akakwangua, akampa ukoko mtupu.

Watu walicheka wakuu, walicheka mpaka Maalim akaomba maji. Halafu wakaja mmoja mmoja. Na kila anayepakuliwa anamwambia neno. Mmoja pole, mmoja Mungu ana lake, mmoja mzaha, Bharat akamwambia jaribu kriketi. Yeye anajibu kila mtu, na anamtazama kila mtu.

Nikaelewa kitu ambacho sikukielewa miaka yote ya kushika kapu. Sisi tulikuwa tunampa mtu upawa. Haji alipewa. Huyu kauchukua mwenyewe. Labda tofauti yote ndiyo hiyo, labda siyo. Nnawaachia nyinyi.

Kabla ya dua Maalim akamuuliza, sasa tukuombee nini? Nikadhani atasema arudishwe.

Akasema, "Niombeeni nisiuchukie mchezo."

Tukaitikia amin.

Wiki ile ile wakarudi Australia. Kule zikaanza zile zamu zao za kutaja majina. Klabu nyengine zote zikampita. Rahma akawa ananitumia ujumbe kila mara, bado, bado, mpaka nikawa naogopa simu yangu mwenyewe. Mwisho kabisa klabu yake ikamtaja. Listi ndogo, mwaka mmoja.

Safari hii sikusema kitu barazani. Nilimwambia Makame peke yake, nikamwomba asimwambie Bi Zuhura.

Msimu umeanza. Mechi ya kwanza hakupangwa. Nilijua kwa sababu nilikaa na Makame tunatazama kwenye simu, tunamtafuta kwenye wale wote, hayumo. Makame akasema labda yuko nyuma ya choo.

Siku ya pili akanipigia, nikamwona usoni. Nikamuuliza jana ulikuwa wapi, ulikaa nyumbani?

"La, babu. Nlikwenda. Wakimaliza wanakula pamoja pale klabuni. Nlisimama kwenye masufuria nkawapakulia."

Nikamuuliza walisema nini.

"Walinishangaa. Yule anayecheza nafasi yangu aliniuliza nafanya nini. Nkamwambia nyumbani kwetu ndiyo hivyo."

"Ukampa ukoko?"

"Nlimpa nyama, babu. Kacheza vizuri."

Wakuu, mimi mtu mzima, niliweka simu chini nikajifanya natafuta miwani, na miwani nimeivaa.

Nilichojifunza ni hiki. Listi ni ya wenyewe klabu. Wakikutia wamekutia, wakikutoa wamekutoa, na hata ukicheza kama jini iko siku jina litatoka. Ila ukishatoka, utakaa wapi na uso wako utauelekeza wapi, hilo hawana kalamu ya kuliandika. Na jengine dogo: ukimwona mtu anashukuru kwenye simu, ngoja ashushe simu ndiyo upige kelele.

Sasa semeni nyinyi mliocheza au mliofundisha. Kwenu mtu akiachwa mnamwambia vipi? Na ile kanuni ya kocha wetu ilikuwa uungwana au uonevu? Mimi nasoma zote, ila kujibu nachelewa kwa ajili ya kidole.

Na kama Haji yumo humu, au mwanawe, au anayemjua: kapu halipo tena, wali upo. Aje tule. Nitapakua mimi.