Neno la Kufukuzia Ndege

Kwetu Mohoro, mpunga ukianza kutia maziwa, nyumba nzima huhamia shambani kuamia ndege. Wengine hupiga madebe, wengine hurusha madongo kwa kombeo. Sisi tulikuwa na neno. Ukiona kwelea kwelea wanashuka, unasimama juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu, unavuta pumzi na kupiga ukelele: "Losi, shinela!" Kisha unacheka. Kucheka hakukuwa hiari. Bibi aliyenilea alishikilia kwamba ukilisema kavukavu dawa haishiki, na niliwahi kula fimbo ya miguu kwa kulisema huku nimenuna.

Neno lilitoka kwa babu yake. Vita vya Maji Maji vilipoanza, babu huyo alikuwa miongoni mwa watu waliong'oa pamba ya kulazimishwa, na mnyapara wa Kijerumani akatimua mbio kuelekea mtoni, wao wakimfuata. Bibi aliamini neno lile ndilo lililomkimbiza, kwamba lilikwenda pamoja na yale maji ya dawa. Ushahidi wake ulikuwa kwamba babu yake, hata alipozeeka na kung'oka meno, hakuweza kulitamka bila kucheka mpaka akohoe. Akiulizwa maana, alisema huwezi kuielewa mpaka umjue Mjerumani. Shamba lake lilikwenda na mafuriko. Neno ndilo lililobaki, na bibi alilijivunia kama wenzake wanavyojivunia nyumba ya bati.

Nikaenda chuo kikuu kusoma falsafa na Kijerumani. Kijerumani nilikichagua kwa sababu foleni yake ya kujiandikisha ilikuwa fupi. Falsafa, sijui mpaka leo. Nyumbani walitaka nisomee uganga nije nifanye kazi hospitali ya Mchukwi. Mjomba aliuliza falsafa inatibu nini. Bibi, ili kuficha aibu, aliwaambia majirani nasomea udaktari wa maneno.

Siku moja mwalimu wetu wa Kijerumani, mama mwembamba asiyependa uzembe, alitugawia zoezi, nasi tukawa tunajivuta. Akapiga makofi akasema: "Los, schneller!"

Nikacheka. Si kutabasamu, bali kile kicheko cha juu ya dungu, mdomo wazi, darasa zima likageuka. Mwalimu akataka kujua kinachochekesha. Baada ya kipindi nilimfuata nikamuuliza maana. Akasema ni kama "haya, upesi zaidi", kisha akaniomba radhi, kwani si namna ya kumwambia mtu mzima.

Nilirudi bwenini nimenywea. Kumbe dawa yetu ilikuwa amri ya mnyapara, na aliyekuwa akiamrishwa pale kwenye pamba ni babu yetu mwenyewe. Tulikuwa tumerithi karipio, tukalifanya fahari.

Muhula huohuo somo la falsafa lilitupa insha: je, ni wajibu kusema ukweli unaoumiza? Niliandika kwamba ni wajibu, bila ubaguzi wala huruma, na mwalimu akasifu ujasiri wangu. Ni rahisi sana kuwa jasiri ukiwa mbali na bibi yako.

Likizo ilipofika nilishuka Kibiti, nikatafuta gari la Mohoro, na njia nzima nilipanga hoja. Nyingine zilisema mwambie. Zilizobaki zilisema wewe mtoto, umekosa la kufanya? Shambani bibi alinipandisha dunguni, akapiga neno lake, akacheka, akanigeukia nami nicheke. Sikuweza.

"Mume wangu," alisema, maana ndivyo alivyoniita tangu utoto, "huko chuoni wamekung'oa meno?"

Nikamwambia yote: darasa, makofi, maana. Nilipomaliza alikuwa anatazama mpunga. Ndege wakashuka, wakala mbele ya macho yake, wala hakuinua mkono. Niliogopa kweli. Niliichukia insha yangu na alama zake.

"Losi ni nini?" akauliza.

"Haya. Twende."

"Na shinela?"

"Upesi zaidi."

Akafikiri. "Na yule Mjerumani alipokuwa anakimbilia mtoni, babu alikuwa nyuma yake."

"Ndivyo unavyotusimulia."

"Yuko nyuma yake, anamwambia, haya, upesi zaidi."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikamsogelea. Alikuwa anacheka, tena si kile kicheko alichotufundisha kwa fimbo. Hiki kilimpanda kutoka tumboni, akashika nguzo ya dungu asije akaanguka, akacheka mpaka akakohoa. Nami kikanishika. Dungu likawa linayumba.

"Masikini babu yangu," alisema hatimaye, akijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Utani mtamu namna ile, akafa nao peke yake. Sote tulicheka naye, na hakuna aliyejua anachekea nini."

Kila nikiulizwa falsafa na Kijerumani vilinifaa nini, huikumbuka siku hiyo. Ndege walikula jaruba zima la mpunga. Tuliwatazama tu, hatukuwa na pumzi ya kuwafukuza.