Kubadhi la Ami Haji

Wenzangu mliokosa kahawa ya leo barazani Mkunazini, nnakuandikieni hapa ubaoni mwamue wenyewe: goli au si goli?

Ami Haji, winga wetu wa mwaka ule wa kombe, kaanza tena.

"Timu gani hii? Kipa wenu hata embe limwangukie kifuani, halidaki!"

Na kipa mwenyewe, Seif, kakaa papo hapo, anakunywa kahawa yake.

Ami akasimama kutuonyesha shuti lake la fainali.

Masikini, kasahau. Mwaka ule walicheza pekupeku. Leo kavaa makubadhi.

Akapiga teke, kubadhi likachomoka mguuni, hilooo, linaelekea dele la kahawa!

Seif akalidaka kwa mkono mmoja. Kikombe chake hakikumwaga hata tone.

Sote tukamgeukia Ami.

"Kachelewa," kasema. "Lishavuka mstari."