Siku Kumi na Moja za Mchora Ramani

Jumanne, tarehe 14 Mei. Manyunyu tangu alfajiri, yakakatika saa nne. Jua halikutoka.

Shemeji yangu anachora ramani za nyumba. Alipoacha ajira miaka sita iliyopita, alipanga bei kwa njia aliyoiona ya haki kabisa: alichukua mshahara wake wa zamani, akaugawa kwa siku ishirini na sita, akapata elfu thelathini kwa siku. Hakuigusa tena. Aliamini akijituma, mwezi utajaa.

Haukujaa hata mara moja. Kuna siku za kwenda kukagua kiwanja, za kumsubiri mteja asiyetokea, za kuhamisha dirisha kwa sababu mke wa mteja amebadili mawazo, za kupanga foleni halmashauri kungoja mhuri wa kibali cha ujenzi. Hizo hakuwahi kuzitoza. Aliziita adabu ya kazi. Amekonda, macho mekundu, na chakula cha mchana anakula amesimama.

Jumanne hiyo dada yangu, mkewe, alimfungulia daftari mezani. Alikuwa ameandika kila siku ya Aprili.

"Baba watoto, siku ulizolipwa ni kumi na moja."

"Haiwezekani. Nimefanya kazi mwezi mzima, hadi Jumapili."

"Ndicho ninachosema. Na humohumo umetoa kodi ya chumba, umeme na wino. Ada ya muhula huu tutalipa na nini, rula?"

Alichukua kalamu, akaugawa ule mshahara upya, safari hii kwa kumi na moja, akaongeza na gharama. Ikaja elfu themanini. Aliitazama namba ile kama mtu aliyekutwa na kitu kisicho chake.

Mchana akaingia mkandarasi. Nusu ya kazi za shemeji hutoka kwake.

"Fundi Rula! Nyumba tatu kwa mkupuo. Bei yetu ileile, au siyo?"

"Bei ya siku sasa ni themanini."

Mkandarasi akaangua kicheko. "Umelala na thelathini, umeamka na themanini? Umeota nini, ndugu yangu?"

"Sijaota. Sijalala."

"Yule kijana wa stendi anachora kwa ishirini, tena kwa kompyuta."

"Mpe."

Hakulisema kwa hasira; hasira ingehitaji nguvu. Dada alikuwa mlangoni na sinia la chai, hasogei.

Mkandarasi alichezea funguo zake kwa muda. Nyumba mbili akaondoka nazo. Ya tatu, ya ghorofa kwenye mteremko, akaiacha. Ramani za mteremko za yule kijana zilishanyimwa mhuri mara mbili.

"Hii chora wewe, kwa hiyo themanini yako. Lakini umeniumiza."

Alipotoka, shemeji alijitupa kitini. "Nyumba mbili zimekwenda."

"Zimekwenda na mikesha yake," dada akasema, akammiminia chai.

Jumatano asubuhi alikwenda kupima kiwanja cha ghorofa. Msimamizi wa mkandarasi akamshika bega: "Mzee, hebu tupia jicho na ule ukuta wa kiwanja cha pili, dakika mbili tu." Shemeji alikunja utepe wake wa kupimia, akamwambia kukagua ukuta ni nusu siku, elfu arobaini, kisha akabaki amesimama kwenye tope akisubiri jibu.