Watu wa Kofia na Ng'ombe wa Mama Njoki

Mahindi yakiungua jikoni mimi hutoka nje. Si kwa hasira, wala si kwa sababu ya moshi. Hutoka tu na kusimama karibu na tangi la maji mpaka mtu afungue madirisha, na watoto wangu wamezoea kucheka wakisema mama anaogopa githeri ya mahindi na maharagwe. Siogopi. Ila ile harufu ya mahindi makavu yanayogeuka mkaa hunizima kidogo, kama koroboi iliyoishiwa mafuta, na kwa muda huwa sipo hapa ninapoishi. Huwa niko Kofia, kijiji nilichozaliwa, nje ya Kitale, upande wa mlimani.

Jina hilo halikutokana na mila yoyote. Mzungu aliyekuwa na shamba lile kabla ya uhuru hakuwahi kuonekana bila kofia; wazee walisema alioga nayo, ingawa sijui nani alikwenda kuchungulia. Alipoondoka watu walichanga, wakalinunua shamba kwa hisa, wakaligawa, na jina likabaki. Barabara zake pia zilibaki. Kwa babu yangu kule Malakisi njia zilipinda zikifuata miguu ya watu: zilizunguka kaburi, zikakwepa mti, zikapitia kwa mgonjwa. Kofia hakukuwa na kona. Barabara zilikatana wima kwa wima, na kila ploti ilikuwa ndefu na nyembamba, imeanzia barabarani ikaishia kwenye kijito, ili kila mtu apate kipande cha maji. Ukisimama mlangoni kwetu asubuhi ungeona moshi wa majiko umepangwa mstari mmoja, ukajua nani ameamka na nani bado yuko kitandani.

Watu wake walitoka kila mahali. Juu, karibu na msitu, walikaa Wasabaoti, wenye ng'ombe na asali. Katikati tulikaa sisi Wabukusu tuliopanda kutoka Bungoma, kwa kuwa mashamba ya babu zetu yalikuwa yamegawanywa mpaka yakabaki kama mikeka. Chini, penye njia panda, walikaa Wakikuyu waliokuja kwa hisa hizo hizo, wakapanda viazi na kabichi, wakafungua duka na posho mili ya kusagia mahindi. Sisi watoto hatukuona ajabu yoyote. Tuliongea Kiswahili, kila mmoja na kilema chake. Siku moja nilimwambia mwalimu nimesahau karamu nyumbani, naye akaniuliza kama kwetu kulikuwa na arusi. Njoki, aliyekaa nami dawati moja, yeye upande wa dirisha, akacheka mpaka akapaliwa. Lakini yeye alipougua tumbo aliomba apewe "ndawa", basi tukawa sawa.

Mwalimu wetu wa darasa la nne alipenda ramani kuliko chakula. Alitufundisha mipaka ya lokesheni yetu kwa kuimba, mlima juu, kijito chini, barabara ya Kitale kushoto, na baada ya mipaka akatufundisha wakazi. Aliuliza: watu hukaa wapi, na kwa nini? Nasi tulijibu kwa pamoja, tukipiga madawati, kwamba watu hukaa penye maji, penye udongo mzuri na penye usalama. Hilo neno la tatu tuliliimba kwa sauti ile ile ya yale mawili.

Ploti yetu ilikuwa ya mwisho ya watu wa katikati, na ya kwanza ya watu wa chini ilikuwa ya Mama Njoki. Katikati palikuwa na ua wa kayaba wenye pengo ambalo hakuna aliyejali kuliziba. Mama Njoki alikuwa mjane, mnene, mwenye kicheko kilichofika barabarani kabla yake. Alikuwa na ng'ombe mmoja mwenye alama nyeupe kwenye paji la uso, akamwita Njata, nyota kwa Kikikuyu. Kupitia lile pengo yeye na mama walipeana chumvi, mbegu, makaa ya moto na maneno. Mama alijifunza Kikikuyu cha kuitia ng'ombe, naye Mama Njoki akajifunza Kibukusu cha kusalimia na cha kutukana kuku.

Halafu ikaja miaka ile ya mwanzo wa tisini, watu walipokuwa wakingoja uchaguzi wa vyama vingi. Sokoni maneno yakaanza kuhusu nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Sisi tuliyasikia kama tunavyosikia habari za mvua ya mbali. Kisha mchana mmoja moshi ukatoka juu, si wa jikoni, na kesho yake mwingine ukatoka chini. Maghala ya mahindi yaliteketea pande zote mbili. Nani aliwasha? Kila mtu alikuwa na jibu lake, na mimi mpaka leo sina. Upepo ulituletea ile harufu hata kwenye maziwa, hata kwenye blanketi.

Watu wakaanza kuondoka. Wa chini walienda Nakuru na kwingineko walikokuwa na jamaa. Wa juu nao, wakiogopa kulipiziwa kisasi, walipanda na mifugo yao mpaka kusikoonekana. Hakuna aliyeaga darasani. Dawati tulilokuwa tukibanana mpaka wa mwisho anakaa na tako moja likaanza kuwa na nafasi, na mimi, mtanisamehe, nililifurahia. Mwalimu akaacha kuita majina asubuhi. Alituangalia tu, kisha akaanza somo.

Asubuhi Mama Njoki alipokuja kwenye pengo la ua alikuwa amemshika Njata kwa kamba, na Njoki nyuma yake ana beseni la vyombo kichwani. Hakucheka.

"Mama Nekesa," alimwita mama kwa jina langu, "gari inatungoja hapo kwa njia panda. Hii ng'ombe wamekataa isiingie."

"Iache," mama alisema.

"Iko na mimba. Mambo yakitulia nitarudi. Yasipotulia, sijui."

"Si nimekuambia uiache? Utaikuta."

Mama Njoki akampa kamba. Akamweleza kwamba Njata akikamuliwa upande wa kushoto hupiga teke, na kwamba asipewe viazi vibichi. Hayo ndiyo waliyoongea, wanawake walioishi jirani tangu mimi sijazaliwa. Njoki aliniangalia chini ya beseni lake, akasema, "Sasa utakaa kwa dirisha." Nikasema, "Eee." Wakaenda. Niliwatazama mpaka kwenye njia panda, maana barabara haikuwa na kona ya kuwaficha, na sikuhisi chochote. Nakumbuka niliona aibu kidogo kwa kutohisi, nikaenda kuteka maji.

Sisi tulikaa mpaka siku paa la jirani wa upande wa pili lilipoungua. Hapo baba, aliyekuwa fundi seremala na mtu asiyependa maneno mengi, akatafuta lori la kutupeleka Kanduyi, kwa baba mdogo. Lilipakiwa mabati tuliyoyang'oa wenyewe, vitanda, masufuria, magunia na wadogo zangu. Dereva alipomwona Njata akatikisa kichwa. Baba akasema basi auzwe Kitale, kwa mwenye bucha, au afunguliwe aende zake.

"Hii ng'ombe si yetu," alimwambia mama. "Na mwenyewe ametoroka."

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

"Ingekuwa yetu ningeiuza."

Baba akapanda lori na watoto wadogo, na mama na mimi, kwa kuwa nilikuwa kifungua mimba, tukaondoka kwa miguu na ng'ombe wa watu.

Mtu akiniuliza safari ile ilikuwaje, sina mengi. Nakumbuka miguu. Nakumbuka lami ya Kiminini ikiwa ya moto, na majani ya kando ya barabara ambayo Njata hakukubali kuyapita bila kuyaonja. Pale Kamukuywa alikunywa maji ya sabuni kwenye karai la mama mmoja aliyekuwa akifua, na yule mama badala ya kugomba akatuletea uji. Watu wa njiani walituuliza tunaenda kumuuza wapi. Mama alijibu kwamba hauzwi, wakacheka, kwani nani hutembeza ng'ombe mwenye mimba mwendo wote huo kwa kumfurahisha? Tulilala kwa watu wa kanisa ambao hatukuwajua, na Misikhu tukalala kwa dada yake mama, aliyenikanda miguu kwa maji ya chumvi. Mama hakuzungumza nami sana. Alizungumza na Njata. "Uka," alimwambia, "uka," yaani njoo, kwa Kikikuyu, maana Kibukusu ng'ombe yule hakukijua. Mwanamke aliyehama kwa sababu ya maneno ya kabila gani na kabila gani alitembea barabara nzima ya Webuye akibembeleza kwa lugha ya jirani yake, na watu waligeuka kumtazama.

Tulipokaribia Webuye harufu ya kiwanda cha karatasi ilitukuta njiani, na Njata akagoma. Alikaza miguu, akapanua pua, akakataa katakata. Mama akajaribu kucheka, akashindwa, akaketi juu ya jiwe. Tuliketi pale mpaka ng'ombe mwenyewe alipoamua kwamba harufu haitaondoka na yeye ana njaa.

Kanduyi baba alitukuta barabarani. Aliitazama miguu ya mama, kisha yangu. Alichukua panga akaenda kukata miti ya banda.

Njata alizaa pale, ndama jike mwenye nyota kama yake. Maziwa tulikunywa, na madume waliofuata waliuzwa kwa ajili ya majani na dawa, lakini majike mama hakuwagusa. Baba mdogo alinung'unika kwamba kiwanja chake kimekuwa zizi la wasiojulikana. Mgeni akiuliza ng'ombe ni wa nani, mama alijibu, "Ya Mama Njoki," kama vile Mama Njoki anakaa nyumba ya tatu na ameenda sokoni. Watu wengi wa Kanduyi waliamini ni shangazi yetu. Mama alituma salamu kwa wachuuzi waliokwenda Kitale. Mmoja alirudi akasema wapo Nakuru, mwingine akasema Nyahururu. Baadaye hakuna aliyesema kitu, na mama akaacha kuuliza, lakini hakuacha kukamua.

Nilikuwa nimemaliza sekondari Njoki alipokuja, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Alikuwa ameleta mitumba soko la Kanduyi, akasikia mteja akimtaja Mama Nekesa wa kutoka Kofia. Aliingia uani mama akipukuchua mahindi. Mimi sikumtambua mpaka alipofungua kinywa. Mama alimtambua kwa mwendo.

"Mama yako?" aliuliza.

"Alikufa, mama. Mwaka juzi."

Mama akatikisa kichwa polepole. Akaweka ungo chini, akaenda bandani, akarudi amemshika ng'ombe kwa kamba na mtamba akimfuata.

"Njata alikufa, alizeeka," alisema. "Huyu ni mtoto yake, na huyu mdogo ni mjukuu. Ni yenu."

Njoki aliwatazama wale ng'ombe kama mtu anayesomewa jina asilolijua.

"Sisi tulijua mlikula," alisema. "Mama alikuwa anasema, kama Njata imeliwa, heri iliwe kwa Mama Nekesa. Hata hospitali alisema hivyo. Alikuwa anacheka."

Mama alisimama ameshika kamba. Nilidhani atalia, au atakasirika, baada ya miguu ile yote na miaka ile yote ya kukata majani. Badala yake alimuuliza Njoki kama anatumia sukari. Tukanywa chai. Tuliongea habari za bei ya mitumba na mvua iliyochelewa. Kofia hatukuitaja tena.

Njoki alikuwa amepanga chumba kimoja Nakuru. Hakuwa na pa kufugia. Lakini alirudi baadaye na pikapu ya shemeji yake, akamchukua mtamba ampeleke kwa mjomba wake. Yule mkubwa alimwacha. "Huyu ni wa huku," alisema. Mama alisimama kando ya barabara mpaka pikapu ikapotea, kisha akaenda kuzoa samadi kama siku nyingine yoyote.

Wakati ule wa utoto watu walinisifu kwamba sikulia, si njia panda, si barabarani. Nami niliamini nilikuwa jasiri. Sasa najua kwamba mtoto asipolia si lazima awe jasiri. Wakati mwingine kitu chote kimekuwa kikubwa mno, hakipiti mlangoni, nacho hukaa nje kikingoja akue. Na kuhusu mama, kwa muda mrefu nilidhani ni ukaidi, halafu nikadhani ni uaminifu. Nilipokuwa na nyumba yangu na majirani wangu ndipo nikaona lingine. Vitu vyetu wenyewe, mabati na masufuria, vilimwambia kila asubuhi kwamba tumehama. Ng'ombe wa watu ndiye pekee aliyemwambia kwamba yuko mtu ambaye bado atakuja. Naye Mama Njoki, huko alikokuwa, bila ploti na bila maziwa, alikuwa akichagua kila mara tumbo la kumweka ng'ombe wake, akachagua letu, akacheka. Mimi nilihesabu kwamba Kofia iliisha siku lori lilipoondoka. Kumbe wanawake wawili waliendelea kuwa majirani miaka yote ile, mmoja Nakuru na mmoja Kanduyi, na hakuna hata mmoja wao aliyejua.